Dawa Moja kwa Yaya na Mimi

Ugonjwa wetu uligunduliwa siku ambayo yaya alitaka kutoa damu. Mke wake alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa, damu ikamtoka nyingi, na wauguzi wakatuambia tulete ndugu wa kumwongezea. Kaka yangu huyo mkubwa, ambaye maisha yangu yote nimemwita yaya, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Walimpima kwanza. Baada ya muda muuguzi alitoka, akamvuta pembeni kwenye korido, wakazungumza kwa sauti ya chini. Yaya aliporudi alikuwa anatabasamu kama mtu aliyezuiwa mlangoni na hataki wenzake wajue.

"Banakatala damu yangu," aliniambia. "Banasema iko na epatite B."

"Njo nini ile?"

"Sijue. Banasema inakaa mu maini. Lakini miye siumwe hata kidogo."

Ni kweli hakuwa anaumwa. Yaya alikuwa mchomeleaji wa vyuma. Karakana yake ilikuwa katika komini ya Kenya, sehemu moja ya mji wetu, kati ya kanisa la mbao na fundi wa matairi, na mageti mengi ya nyumba kubwa za mtaa wa Golf yalitoka pale, yakapakiwa kwenye mikokoteni, na wasukumaji wakitukana njia nzima. Alikuwa na mabega mapana na alama ndogondogo za cheche mikononi. Alikula bukari, ugali wetu, kama mtu anayejaza shimo. Hakuna aliyemtazama akafikiria ini lake.

Damu ya wifi ikapatikana kwa watu wengine. Akapona, na mtoto wao wa tatu, msichana, akapona pia, ingawa alikuwa dhaifu na aliugua mara kwa mara tangu siku zake za kwanza.

Daktari mmoja mzee, aliyempokea yaya baadaye, alitaka mama yake na ndugu wa tumbo moja wapimwe. Tulikuwa tumebaki watatu tu: mama, yaya na mimi. Baba, aliyekuja mjini kutoka kaskazini kufanya kazi ya reli, alikuwa amekwisha kufa. Tulikwenda asubuhi, tukarudi mchana tukijua kwamba wote watatu tuna virusi vya homa hiyo ya ini. Mama alikuwa navyo na hakuwahi kulala kitandani kwa ugonjwa. Daktari alieleza, bila ubaya wowote, kwamba mara nyingi mtoto huvipata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, hukaa navyo miaka mingi kimya, kisha ini huanza kuharibika akiwa mtu mzima.

Jioni ile mama alipika sombe, majani ya muhogo, akatupakulia, akakaa bila kula.

"Njo miye niliwapatia?" aliuliza.

Nilitazama sahani. Yaya ndiye aliyejibu.

"Haukujua, mama. Kula."

Alikula. Lakini tangu siku ile aliacha kutuombea kwa sauti. Aliomba kimya, midomo ikicheza, na sikujua tena anamwambia Mungu nini.

Vipimo vilionyesha kwamba ini la yaya lilikuwa limeanza kukauka, na langu limevimba kidogo. Daktari mzee alituandikia dawa moja, lamivudine, kidonge kimoja kila siku, labda maisha yote. Tulikaa lupango moja, yaani ua mmoja, yaya na familia yake kwenye nyumba ya mbele, mimi na mama nyuma, na cherehani yangu ilikuwa chini ya dirisha, kwani kazi yangu ni kushona. Kila asubuhi kabla ya kwenda karakana alipita akagonga kioo kwa ukucha.

"Ulimeza?"

"Nilimeza. Na weye?"

Alifungua kiganja akanionyesha, akatupa kidonge mdomoni bila maji, akaenda. Ilikuwa kama salamu. Mwaka wa kwanza ulikuwa mwaka mzuri. Damu yake ilirekebika, yangu ikarekebika, na daktari mzee alitusifu mbele ya wagonjwa wengine.

Kisha damu ya yaya ikaanza kuharibika tena.

Daktari alisoma majibu, akavua miwani, akamwambia kwamba dawa hii haina ujanja: ukiimeza inafanya kazi, usipoimeza ndiyo unaona hivi. Yaya alisema anaimeza kila siku. Daktari alisema wagonjwa wote husema hivyo. "Angalia dada yako," akaongeza. "Dawa ni ileile."

Nilikuwa nimekaa pale, nimenenepa, na majibu yangu mazuri mkononi.

Nyumbani wifi aliamua kumsimamia. Alikuwa mwanamke wa watu wa Kasai, msomi, mwenye duka dogo la vitambaa, na hakupenda jambo lipotee ovyo. Alimpa kidonge mwenyewe, akangoja ameze, kisha akamwambia afungue mdomo na ainue ulimi. Niliwaona siku moja kupitia mlango uliokuwa wazi. Mwanamume mwenye mikono iliyopinda nondo alikuwa amesimama mbele ya mke wake na watoto wake, mdomo wazi, kama mtoto anayekaguliwa meno. Nilirudi kwenye cherehani. Nilishona mshono mrefu, nikafumua, nikashona tena.

Hata alipokuwa akikaguliwa hivyo, damu iliendelea kuharibika.

Alianza kuchoka. Alikaa karakana akiwaelekeza vijana badala ya kushika mashine yeye mwenyewe. Macho yakawa na rangi ya chai nyepesi. Aliniletea suruali zake nimpunguzie kiunoni, nikampunguzia. Baada ya muda akazileta tena, nikampunguzia tena, mpaka mifuko ya nyuma ikakaribiana, na nikamwambia kwa utani kwamba safari nyingine nitamkatia suruali mpya kwenye mguu mmoja wa hiyo. Hakucheka. Aliniangalia kuanzia usoni hadi miguuni, polepole, kama anayepima kitambaa.

Wanawake sokoni waliniambia ninapendeza. Walisema uso unang'aa. Nilianza kuvaa nguo pana.

Mjomba wetu, kaka yake mama, ndiye aliyelisema jambo hilo waziwazi. Alikuja Jumapili baada ya misa, akaomba viti vitolewe uani, akaketi na kofia magotini. Alikuwa mtu wa heshima, mzee wa kanisa, na hakupandisha sauti hata mara moja.

"Bantu babili," alisema. "Tumbo moja. Ugonjwa moja. Dawa moja, inatoka mu farmasi moja. Moja anavimba kama mukate, mwingine anakauka. Miye ninauliza tu. Ile nguvu ya yaya yake inaenda wapi?"

Watoto walifukuzwa wakacheze nje ya lupango.

"Mjomba, unataka kusema nini?" niliuliza.

"Sikusema kintu. Niliuliza."

Nilimgeukia mama. Alikuwa anakunja ncha ya kitenge chake, anaikunjua, anaikunja. Nilimngoja aseme neno moja tu, aseme kwamba mimi ni mtoto wake na anajua alichokizaa. Hakusema. Nadhani katika shtaka lile alisikia jambo moja tu, kwamba kuna mtu mwingine wa kulaumiwa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya sombe hakuwa yeye. Nimemsamehe, au najaribu. Lakini ule ukimya ninaukumbuka kuliko maneno ya mjomba.

Yaya alisimama, akashika mgongo wa kiti. "Miye sitaki kusikia ile maneno," alisema, akaingia ndani kulala. Nilishika hayo kama ushahidi kwamba yuko upande wangu. Kesho yake asubuhi nilikaa dirishani na kidonge changu mkononi. Nilisikia mlango wao ukifunguka, nikasikia viatu vyake kwenye kokoto, vikapita upande wa pili wa nyumba, karibu na ukuta, mbali na dirisha langu.

Hakugonga tena.

Wifi naye aliwakataza watoto wasile kwangu. Hakusema kwa nini. Walianza tu kuwa wameshiba kila nilipowaita. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavikata. Katika mji wetu neno mulozi, yaani mchawi, halihitaji kutamkwa ili likufikie. Linakuja kwa jinsi mtu anavyopokea chenji mkononi mwako.

Nilimpata daktari wa pili kwa sababu nilikuwa naona haya kurudi kwa yule wa kwanza. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, aliyerudi nchini baada ya kusomea magonjwa ya ini, na alifanya kazi katika hospitali nyingine. Nilikwenda kwa ajili yangu. Lakini aliponiuliza kama kuna mwingine nyumbani anayemeza dawa hii, nilianza kueleza, nikashindwa kumaliza. Kisha akasema, "Mulete. Wiki hii."

Kumleta ilikuwa kazi. Nilikwenda karakana badala ya nyumbani, mbele ya wafanyakazi wake, ambapo hangeweza kuniepuka. Alikuwa amekaa juu ya debe, anatazama geti lililokuwa nusu.

"Yaya, iko dokta moja mwanamuke. Anasema pengine kosa haiko kwako."

"Iko kwa nani?"

"Anasema pengine iko kwa virusi."

Aliomba kijana wake amletee shati safi.

Daktari alipima wingi wa virusi katika damu yetu wote wawili. Kwangu kipimo hakikuona kitu. Kwake vilikuwa vimejaa tele, kana kwamba hajawahi kugusa dawa. Aliweka karatasi mezani, akamuuliza lile swali alilokuwa ameulizwa mara nyingi.

"Papa, unameza dawa?"

"Kila siku, mama dokta."

"Ninakuamini."

Yaya aliinamisha kichwa. Mabega yake, au mifupa iliyobaki ya mabega yake, yalitikisika, na mimi na daktari tukatazama dirishani mpaka alipotulia.

Alituambia anachokishuku. Virusi hivi, alisema, vinaishi kwa kujinakili. Vinajinakili kwa wingi usiokadirika na kwa haraka, na havina mtu wa kusahihisha makosa. Makosa mengi hayana maana. Lakini mara mojamoja kosa linatokea mahali panaposhikwa na dawa, na kirusi hicho kinatoka na umbo ambalo dawa haiwezi kulikamata. Dawa inaua ndugu zake wote, chenyewe kinabaki peke yake shambani, na kinaanza kuzaa. Lamivudine inajulikana kwa hilo. Ukiitumia peke yake kwa miaka, watu wengi huishia pale alipo yaya, hata wasiporuka siku moja.

Yaya aliuliza kuhusu sindano alizosikia zinachomwa India. Daktari alisema virusi hivi vina koo zake kama watu, na ukoo unaopatikana sana upande wetu wa Afrika huitikia vibaya zile sindano kuliko koo nyingine. Na isitoshe, ini lake halingezistahimili.

Alichukua damu yake ipelekwe ng'ambo, pamoja na za wagonjwa wengine aliokuwa anawachunguza, ili wasome maumbile ya virusi vyenyewe. Lakini hakutaka kungoja majibu. Alitaka abadilishwe dawa mara moja, apewe tenofovir.

"Iko wapi?" niliuliza.

Ilikuwepo palepale, kwenye jengo lilelile, mlango wa tatu kushoto, imepangwa kwenye makabati. Lakini ilikuwa ya wagonjwa wa ukimwi, iliyoletwa kwa ajili yao tu, na yeyote anayetaka kuitumia kwa ugonjwa mwingine alipaswa kujitafutia.

Tulipita mbele ya mlango huo tukitoka. Watu walikuwa wamepanga mstari. Yaya alisimama akawatazama.

"Kama ningekuwa na sida," alisema, "leo ningerudi nyumbani na dawa."

Sijawahi kusikia mtu akiutamani ukimwi. Alikuwa anasema kweli tupu.

Niliitafuta mji mzima. Famasi nyingine hazikuijua, nyingine zilikuwa nayo safari moja na safari iliyofuata hazina. Hatimaye mwanamke anayevusha bidhaa mpakani Kasumbalesa alinitolea mkebe kutoka upande wa Zambia, na kuanzia hapo ndiye aliyetuletea. Hata hivyo, mvua zilikuwa zimekwisha kuanza na kukaribia kuisha kabla yaya hajameza kidonge cha kwanza.

Majibu ya ng'ambo yalifika baadaye. Daktari alikuwa amesikia habari za mjomba, akaomba familia yote ije. Tulijaa kwenye chumba chake kidogo: mama, wifi, mjomba na kofia yake, yaya kwenye kiti chenye mikono, mimi mlangoni. Alieleza kwa Kiswahili chetu cha hapa, taratibu. Mimi na yaya tulikuwa na virusi vya ukoo mmoja, ndiyo, vya mama. Lakini vya yaya vilikuwa na mabadiliko mahali alipopashuku, na mabadiliko yale yalitosha kabisa kueleza kila kitu. Hakuacha dawa. Hakuna aliyemfanyia jambo.

Wifi alifunika uso kwa viganja. Nilijua anaona nini: ule mdomo wazi, ule ulimi ulioinuliwa.

Mjomba alikohoa. "Mama dokta, nilisikia. Lakini juu ya nini ilibadilika kwa huyu, na kwa dada yake hapana?"

"Huyu alianza na virusi vingi sana kuliko dada yake. Nakala nyingi, makosa mengi. Na dada yake nilishamubadilishia dawa, juu hata kwake ingeweza kutokea. Ile ingine ni bahati mubaya tu."

"Bahati mubaya," mjomba alirudia. Alitikisa kichwa taratibu, kwa adabu. "Njo jina munaipatia ku masomo."

Akavaa kofia.

Tenofovir ilifanya kazi. Ninalisema hili kwa sababu watu husikia mwisho wake wakadhani haikufanya. Virusi vilishuka, vikashuka tena, mpaka kipimo kikakosa cha kuhesabu, na yaya akashika ile karatasi kama cheti cha shule. Wiki chache alikula. Alikwenda karakana akamalizia geti moja.

Kisha tumbo likaanza kujaa maji. Aliniletea suruali zilezile nizifumue, na nilipozifumua nyuzi zote nilizowahi kushona bado hazikufunga. Kwenye picha ya ini daktari aliona uvimbe wa saratani, mkubwa kuliko ngumi. Ulikuwa umeanza kukua ile miaka tuliyokuwa tunabishana nani hamezi na nani anakula nguvu za nani.

Alilala hospitali majuma ya mwanzo ya kiangazi, ikawa zamu yangu mchana. Siku moja nilikuwa namlowesha midomo kwa pamba yenye maji, akashika mkono wangu.

"Nilikuogopa, mudogo wangu."

"Ninajua."

"Nilijua ni bongo, uongo tu. Nilijua kabisa. Lakini asubuhi, nikikuona unang'aa mu dirisha, nilikuogopa."

"Lala, yaya."

"Haukasirike?"

Nilimwambia sikasiriki. Nilikuwa na hasira nyingi sana, lakini hazikuwa na mahali pa kukaa katika chumba kile. Alikufa siku chache baadaye, wifi akiwa naye, mimi nikiwa njiani kumpelekea uji.

Msibani mjomba aliwapanga wanafamilia. Alinipa kazi ya kupokea wageni kwenye lango la lupango, kazi ya heshima kwa mtu yeyote aliyetazama kwa mbali. Maana yake ilikuwa kwamba sikukaa karibu na jeneza, na kwamba makaburini udongo ulimwagwa kabla sijafika mbele. Mama aliliona hilo. Sikutarajia aseme kitu, na hakusema.

Baadaye wifi alihama na watoto, akaenda karibu na duka lake. Tulionana kanisani, tukasalimiana. Kisha asubuhi moja, kabla sijafungua cherehani, alikuja na yule msichana wa mwisho, ambaye sasa amekwisha kuanza shule. Daktari alikuwa amemwomba awapeleke watoto wote wapimwe. Wakubwa wawili walikuwa salama, chanjo za utotoni ziliwakinga. Huyu mdogo, aliyeugua sana alipokuwa mchanga na chanjo zake zikaahirishwa na kuahirishwa, hakuwa salama. Wifi mwenyewe hana virusi. Mtoto alivipata kwa baba, aliyembeba kifuani tangu mama yake alipokuwa bado hospitalini mpaka ile miaka dawa ilipokuwa imeshindwa, mikono ikiwa na vidonda vya cheche.

"Shemeki, tunaweza kwenda sisi bote?" aliniuliza. "Miye sitaweza kusikia yote peke yangu."

Tulikwenda. Daktari alimpima mtoto, akasema ini bado ni zima na kwa umri wake hatampa dawa yoyote kwa sasa, atamfuata tu, kila mara, kwa miaka. Akasema pia tukumbuke jambo moja, tulikumbuke hata yeye asipokuwepo: huenda virusi vya mtoto ni vile vya baba yake vilivyokwisha kubadilika, kwa hiyo mtu asije siku moja akampa lamivudine. Kwa mtoto huyu, dawa ile inaweza kuwa imeshindwa kabla hajaimeza.

Msichana alikuwa anasoma kwa sauti herufi za bango lililobandikwa ukutani. Alikuwa anajua chache tu.

Tulirudi kwa miguu mpaka soko la Kenya, mtoto katikati yetu. Karibu na pale wanapouza makaa wifi alisimama.

"Na mama?" aliuliza. "Nani atamuambia mama?"

Nilimfikiria mama kwenye kiti chake uani, na midomo yake inayocheza. Nilisema nitamwambia mimi. Hiyo ilikuwa kabla ya mvua za mwaka jana. Mtoto huja Jumamosi, humletea bibi yake viazi vitamu, hukaa mapajani mwake ingawa amekwisha kuwa mzito, na mama bado sijamwambia.